Wiki Sita za Seremala

Seremala na dada yake walirithi ugonjwa kwa mama yao, aliyeishia kupapasa kuta: presha ya macho, ile isiyouma wala kuwasha, inayokula nuru kidogo kidogo kutoka pembeni. Kwa miaka miwili walikwenda kliniki pamoja kila miezi sita, wakitaniana kwenye benchi kama watoto.

Siku hiyo daktari aliwatenganisha.

"Dada, tuonane mwakani," alisema. Kisha akamgeukia seremala. "Wewe, baada ya wiki sita."

Seremala akasogeza kiti mbele. "Mbona mimi? Si ugonjwa mmoja?"

"Ugonjwa mmoja, mwendo mbalimbali." Daktari akapanga karatasi za vipimo mezani. Za dada zilifanana zote. Kwenye za seremala, jicho la kushoto, doa lilikuwa linakua: punje, kisha ukucha, kisha kidole gumba. "Zamani tulimpa kila mtu miezi sita. Sasa tunafuata kasi ya mtu mwenyewe. Nakuongezea dawa ya matone, lakini lazima nione mapema kama inakusaidia."

Njiani dada alijitahidi kutania. "Wewe umependwa, mdogo wangu. Mimi nimetupwa mpaka mwakani."

Seremala hakucheka. "Usimwambie wifi yako."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo sikiogopi, dada. Naogopa msumeno."

Kesho yake, karakanani, alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akakodolea patasi zilizotundikwa ukutani kwa jicho la kushoto. Ziko sita, anazijua kama vidole vyake. Akaona nne. Kilichomtia hofu ni kwamba zile mbili hazikumezwa na giza. Pale zilipokuwa palionekana ukuta tu, mtupu, safi, kana kwamba hajawahi kupigilia msumari. Alipogeuza jicho zikarudi. Akalitazamisha mbele, zikatoweka tena. Ni vitu vingapi vingine ambavyo jicho lake lilikuwa likimdanganya kuwa havipo?

"Unacheza mchezo wa kujificha na nani?" mkewe aliuliza, brashi ya vanishi mkononi.

Alitaka kusema vumbi limemwingia. Badala yake yote yakamtoka, hata habari za mama yake na zile kuta. Mkewe aliweka brashi chini, akaenda kuchomoa waya wa msumeno wa umeme.

"Mpaka tujue," alisema.

Wiki sita zile zilimtafuna. Alisukuma randa, akapiga msasa, akatia matone asubuhi na jioni, akikosea hata nusu ya dawa ikaishia shavuni. Siku ya kurudi ilipofika aligoma kuvuka mlango wa nyumba. "Nisipopimwa, doa halijaongezeka," alisema, na mwenyewe akasikia ujinga wake. Dada alimshika mkono mmoja, mkewe mwingine.

Kwenye kipimo alitumbukiza uso ndani ya bakuli jeupe, kidevu kwenye kishikio, kitufe mkononi. Kila taa ndogo ikimulika, abonyeze. Akabonyeza. Akabonyeza. Kisha kimya. Kimya kirefu. Hajui kama taa hazijawaka au zimewaka pale asipoona. Moyo ulidunda mpaka akahisi kichwa kinagonga mashine. Akabonyeza kwa woga tu, bila kuona kitu.

"Usibahatishe," nesi alimwambia kwa upole. "Ukibahatisha, tutadanganyika sote."

Daktari aliilinganisha karatasi hiyo na za awali. Doa lilikuwa limepiga hatua nyingine, licha ya dawa. "Ungekuja baada ya miezi sita," alisema, "lingekuwa limefika katikati. Tunapasua Alhamisi."

Walipasua. Seremala alikosa usingizi kwa hofu siku tatu kabla na tatu baada, akiuliza kila saa kama mwanga anaouona ni wa kweli. Miezi miwili baadaye karatasi mpya ikalingana na ile ya kabla ya upasuaji, doa kwa doa. Kilichokwenda hakikurudi, kilichobaki kilibaki.

"Sasa njoo baada ya miezi mitatu," daktari akasema.

Seremala akaikunja karatasi. "Haiwezi kuwa miwili?"