Asali kwenye Vidole vya Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mwosha vyombo katika jiko la shule, na kwa miezi mitatu fangasi walikuwa wamemng'ang'ania vidole. Ngozi ilimenyeka, kingo za kucha zikavimba, na sabuni ikigusa pale alisikia moto hadi kisogoni.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa na jibu moja tu. Kila jioni alileta chupa ya asali, akampaka kidole kimoja kimoja, kisha akavifunga vitambaa.

"Asali huua kila kidudu, mwanangu. Tulia."

Akatulia. Hakuweza kuzungusha kitasa wala kuwavua wanawe mashati. Asubuhi aliamka na sisimizi kitandani, mumewe akijikuna na kunung'unika. Lakini kila alipoambiwa azungumze na mama yake, ghafla alitafuta viatu atoke. Kisha Mama Pacha alikwenda kazini, akaitumbukiza mikono kwenye karai la maji mpaka saa tisa.

Siku ya kumi na mbili ukucha wa kidole gumba uligeuka kijani.

"Moyo wako hauko na dawa," mama mkwe alisema. "Ndiyo maana haikukubali."

Mama Pacha alivifungua vitambaa mwenyewe. Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda zahanati.

Muuguzi aliigeuzageuza mikono ile huku akisikiliza habari za asali. "Asali ina nguvu zake kwa vijidudu, sibishi. Lakini hii ya chupa hatujui ina nini, na wewe unashinda majini. Fangasi wanapenda unyevu. Paka dawa hii, na kwa wiki nne usiloweshe mikono."

"Dada, mimi naosha vyombo."

"Basi kamwambie bosi wako."

Alipomwomba kazi isiyo ya maji, mpishi mkuu hakuinua hata macho. "Hapa sina kazi ya mikono mikavu."

Mama Pacha aliiweka mikono yake mezani, kando ya sinia la mikate. "Basi itazame vizuri, mzee. Ndiyo inayoshika sahani za watoto."

Mpishi akaitazama. Akalisogeza sinia. Siku iliyofuata Mama Pacha alipewa ufagio wa bwalo la chakula.

Wiki ya sita ukucha mpya ulichomoza, umepinda kidogo. Mama mkwe alimshika mkono mbele ya jirani aliyekuja kulalamikia miguu inayomwasha.

"Unaona? Asali hiyo." Akainuka kumletea chupa.

Mama Pacha alijiambia anyamaze, kama alivyonyamaza siku zote. Ulimi ukakataa.

"Ni dawa ya zahanati iliyoniponya, mama. Na kukaa mbali na maji. Dada, nenda ukapimwe kwanza."

Mama mkwe alisimama na chupa yake mkononi, asijue aiweke wapi. Siku tatu hakumsemesha. Salamu zikawa zinapitia kwa wajukuu.

Jirani alikwenda zahanati. Asali nayo akaipaka, asimuudhi mtu.