Mwanya Usizibwe

Mama huyu alikuwa na masikio mawili, lakini ukimpa neno moja alisikia matano. Jioni ile alikuwa jikoni anakata vitunguu, binti yake mhandisi yuko sebuleni anaongea na mkuu wake kwa simu, spika wazi.

"Huo mwanya wako mpana mno," mkuu akafoka. "Kesho kamati ikiuona hivyo, hatupiti. Uzibe kidogo!"

"Haya, nitauziba," binti akajibu kwa unyonge.

Kisu kikamponyoka Mama. Auzibe! Mwanya wa meno ya mbele, ambao marehemu mumewe alimwachia mtoto huyu mmoja tu? Thubutu! Akatoka jikoni machozi yanamtiririka, ya kitunguu na ya uchungu pamoja.

"Kwa hiyo baba yako unamwonea haya?"

"Mama! Nani kamtaja Baba?"

"Mwanya ni wake! Ukicheka namwona yeye. Na huyo mkuu wako meno yako yanamhusu nini? Kwani anayatafunia yeye?"

Binti akaangua kicheko, mbavu hana. Alipopata pumzi akamvutia Mama kiti, akamwonyesha mchoro. Mwanya uliozungumzwa ni wa chombo alichokuwa akikibuni, cha kuchambua mwanga wa nyota rangi kwa rangi ili ijulikane nyota imeundwa na vitu gani. Mwanya ukiwa mpana, rangi zinavurugana. Ukiubana, rangi zinasomeka vizuri, lakini mwanga mwingi unabaki nje, na nyota hafifu hazionekani kabisa. Na hizo hafifu ndizo alizozipigania tangu mwanzo. Leo alikubali kuziacha kwa sababu alikuwa amechoka kubishana, basi.

Mama akapangusa macho. "Hata huo wa mashine usiuzibe. Nyota zenyewe taabani, bado unazifungia mlango?"

Binti akafungua mchoro wake wa zamani, ambao mkuu aliukataa akidai ni kazi ya kujitesa: vioo vidogo vya kukata taswira ya nyota vipande vyembamba, kama vile vitunguu vya Mama, na kuvipanga kimoja baada ya kingine katika mstari mmoja mwembamba. Mwanga wote unaingia, na rangi hazivurugani. Akaketi kupiga hesabu upya, safari hii bila unyonge.

Kesho yake mkuu aliutazama mchoro, akakunja uso. "Si nilikwambia uuzibe?"

"Nimeshindwa, mkuu. Mama kakataa."

Kamati nzima ikacheka. Wakazipitia hesabu, wakauliza maswali, wakazirudia tena, wakapitisha. Mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

Jioni Mama alimngojea mlangoni, roho juu.

"Wameuacha?"

"Wameuacha, Mama. Wazi vilevile!" Akacheka, meno yote nje.

Mama akamshika kidevu, akamtazama kwa muda.

"Hebu cheka tena," akasema.