Mtu Aliyekaa Kichwani mwa Nasreen

Saa nne asubuhi, katika kituo kimoja cha utafiti huko Changamwe, Mwanarehema alimvua bintiye Nasreen vipuli, akamchomoa pini za mtandio moja moja, kwa kuwa mashine ya kupiga picha za ubongo ilikuwa ya sumaku. Nasreen alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu Maulidi alikuwa akila tende mbili kwa siku, na mamake alikuwa akiogopa kumkumbatia asije akamvunja.

Akalazwa, akasukumwa ndani. Kefa, mpiga picha, akawa anamwonyesha vyakula kwenye kioo: mahamri, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Kwenye skrini ubongo ulitokea wa kijivu. Nyuma ya jicho la kushoto alikaa mwanamume kitako. Kila chakula kilipotokea, alitikisa kidole cha kukataza.

"Yupo mmoja," Kefa alisema, akampima. "Sentimita mbili na nusu. Unamjua, mama?"

Mwanarehema aliinama kuitazama skrini.

"Ni babake. Anwar."

"Yuko hai?"

"Yuko kazini, bandarini."

Kefa akaandika. "Msichana wa juzi alikuwa na mwalimu wake wa kwaya."

"Hutolewa vipi?"

"Mashine huonyesha tu. Tiba ni mazungumzo, na lazima baba mwenyewe aje. Mwambie Jumatano."

"Inshallah," alisema Mwanarehema, akamrudisha Nasreen nyumbani Timbwani, ng'ambo ya kivuko.

Jioni Anwar aliipeleka dirishani picha waliyopewa kituoni, akaitazama sana. "Nimetoka vizuri," akasema, akaketi jamvini. Nasreen alinyoosha mkono, akamega kipande cha samaki.

"Hujioni unavyofura?" Anwar aliuliza, wala hakupaza sauti.

Nasreen akakirudisha kipande sahanini. Mwanarehema alikuwa ameyapanga maneno ya kumwita Jumatano tangu kivukoni. Akafungua kinywa.

"Wasemaje?" mumewe akamgeukia.

Akashika upawa. "Nauliza kama nikuongeze mchuzi."

Jumatano walikwenda wawili tu. Nasreen akasukumwa ndani, mahamri yakatokea kwenye kioo. Kefa alipima, akasema mwanamume amefika sentimita tatu. Kisha akasogea karibu na skrini.

"Leo kuna na mwanamke, ubavuni pake. Huyu naye unamjua?"

Mwanarehema aliitambua leso, akautambua na mgongo ulioinama.

"Ni mimi," akasema.

"Sioni vizuri. Anafanya nini?"

"Anampakulia."

Kefa akaandika.