Mirunda ya Chumba cha Watoto

Debe lilipomfikia, Saturnino alilimimina juu ya nondo, na zege likakimbia. Halikukaa. Lilitambaa kama uji wa mgonjwa, likaacha kokoto nyuma, likaanza kuchuruzika kwenye nafasi za mbao zilizobebwa na mirunda, nguzo za miti za muda.

"Simamisheni kidogo," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Spika ilikuwa ikipiga muziki wa Ayacucho, kule milimani Peru, na wabebaji walipanda ngazi wakitaniana, madebe mabegani. Siku ya kumwaga slabu hakuna anayelipwa pale kilimani. Mtu huja kwa sababu na kwake walikuja, au kesho atataka waje.

Alichukua kopo lisilo na kitako, alilopewa pamoja na kofia ya njano kwenye mafunzo ya mafundi ya Jumamosi. Akalijaza zege, akalinyanyua taratibu. Zege jema hubaki limesimama. Hili lilijilaza papo hapo.

Akashuka. Wilber, shemeji wa mwenye nyumba, alikuwa kando ya mashine ya kuchanganyia, ameshika mpira wa maji.

"Nani kaongeza maji?"

"Mimi. Watu wanalalamika linawavunja mabega."

"Tulikubaliana tupime kwa ndoo."

"Hawa wamekuja bure, profesa. Unataka wabebe mawe?" Wilber akawageukia wenzake. "Tangu apewe ile kofia ya njano, hata supu ya mkewe anaipima."

Wakacheka. Saturnino naye akatabasamu, maana Wilber hakuwa mtu mbaya. Nyumba nyingi za mlima ule zilimwagwa hivyohivyo, kwa huruma ya mabega.

Hermelinda, mwenye nyumba, alitoka kwenye sufuria ya mahindi na utumbo, mwiko mkononi. Saturnino ndiye aliyemsimamia mwanawe wa kwanza ubatizo, na tangu siku hiyo wakaitana kompadre na komadre.

"Kompadre, mbona umeshuka?"

"Zege la juu ya chumba cha watoto limelegea, komadre. Likikauka litakuwa dhaifu. Ardhi ikitikisika..."

"Basi tulizoe?"

Alitazama mifuko ya saruji. Iliyobaki ilitosha upande wa barabara tu. Na kusimama nako kulikuwa kubaya, kwa kuwa zege la leo na la siku nyingine halishikani vizuri. Watu wenyewe wasingerudi. Alizunguka kichwani kama mtu anayetafuta mlango kwenye chumba kisicho nao.

"Tuendelee," alisema mwishowe. "Ila huo mpira nipe mimi."

Akauchomoa bombani, akauzungusha begani, akainama achukue debe kama wengine. Kuanzia hapo maji yalipimwa kwa ndoo. Zege likawa zito, na mizaha ikaisha. Mzee mmoja aliweka debe chini, akaenda nyumbani bila kuaga.

Jioni walisimamisha msalaba wa maua juu ya slabu, wasimamizi wa slabu, walioteuliwa kama wa ubatizo, wakavunja chupa ya mvinyo, na bilauri moja ya chicha, pombe ya mahindi, ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono.

"Haya, fundi," Wilber alisema, "mirunda inatoka lini? Slabu yangu ni mwezi ujao, na mirunda ni hiyohiyo."

Ni swali linaloulizwa kila mara, na kila mtu anajua jibu. Bilauri ilikuwa mkononi mwa Saturnino.

"Ya upande wa barabara, baada ya wiki nne. Ya chumba cha watoto haitoki."

"Haitoki mpaka lini?"

"Mpaka kuwe na ukuta chini yake wa kuibeba slabu. Sijui lini, Wilber."

"Na mimi slabu yangu niishikilie kwa vidole?"

Hakuna aliyecheka. Hermelinda alimpokea bilauri, akaimwagia ardhi tone la mwisho kama ilivyo desturi, akampa Wilber ajijazie, akaingia ndani. Saturnino akamfuata.

Mirunda ilikuwa imesongamana toka sakafuni hadi kwenye mbao, bado inanuka mkalitusi. Maji yalidondoka kutoka juu, hapa tone, pale tone. Hermelinda alikuwa amenyoosha mikono mbele yake, viganja vikitazamana, kwa upana wa kitanda cha watoto. Bila kubadili upana huo alipita polepole, akijaribu nafasi baina ya mrunda na mrunda. Haikutosha. Akageuka ubavu, akajaribu nyingine.