Bibi Harusi wa Kila Jumamosi

Mama Pacha alikuwa msusi, na mikono yake haikuwa na mchezo. Mteja alinyanyuka kitini amependeza, na mbavu zikimuuma kwa kucheka. Lakini tangu ajiandikishe darasa la watu wazima, ili amalize sekondari aliyoiacha alipoolewa, kitu kimoja kilimtoa jasho: tamthilia. Hadithi yenyewe aliielewa. Chifu mwenye tamaa, binti mkaidi, mtumishi mwenye siri. Watu wa namna hiyo aliwasuka kila siku. Kilichomshinda ni majina ya mbinu. Mwalimu alisema, "Kinaya ni mambo kuwa kinyume na yanavyotarajiwa," naye akaitikia kwa kichwa, kisha kwenye karatasi akaandika kejeli. Palipotakiwa kejeli, akaandika kinaya. Uzungumzi nafsia ndio hata kuutamka ulimpiga chenga.

Mbaya zaidi, alisoma kwa kujificha. Siku ya harusi yake mama mkwe alitamka mbele ya watu kwamba mke wa mwanawe atashika nyumba, kalamu awaachie wengine. Maneno hayo yalimkaa rohoni miaka yote. Sasa mama mkwe alikuwa amehamia kwao, na kila Jumamosi mchana Mama Pacha alibeba mfuko wa vitana, daftari limejificha chini, akaaga kwamba anakwenda kumsuka bibi harusi. Mumewe, fundi bomba, alijua. Mabinti zao pacha walijua. Asiyejua, kwa hesabu zake, alikuwa mmoja tu.

Jumamosi ya jaribio la tamthilia ikafika. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" Mama mkwe alikuwa kwenye kochi akichambua mchele, hata macho hakuinua.

"Kuna bibi harusi, Mama."

"Huyu naye! Kila Jumamosi anaolewa, hachoki?"

Pacha wakabana vicheko. Fundi bomba akakumbuka ghafla kwamba sinki la jikoni linavuja, akaenda kuingiza kichwa chini yake.

"Ni... ni mwingine, Mama."

"Haya. Basi nisaidie jambo moja kabla hujaenda. Huo uzungumzi nafsia ndio nini?"

Mfuko ukamponyoka. Vitana vikatawanyika sakafuni, na daftari likaanguka juu yavyo limefunguka.

"Usihangaike kunijibu," mama mkwe akaendelea. "Nadhani nimeshaujua. Ni mtu kusimama peke yake, akatoa yaliyo moyoni kwa sauti, kama wewe na masufuria yako. Juzi ulilikariri neno hilo, kisha ukasema, 'Mama akijua, nimekwisha.' Na Mama nilikuwa hapa hapa."

"Umejua tangu lini?" Mama Pacha akauliza.

"Tangu mwanzo mwanzo. Msusi gani anarudi na wino vidoleni? Hawa niliwakataza kukwambia." Akaelekeza kidevu kwa pacha, kisha jikoni, ambako fundi alikuwa bado chini ya sinki. "Nilikuwa nakungoja uniambie mwenyewe. Na kusema kweli, nilikuwa naona raha."

Mama Pacha akajibwaga kwenye kiti. Miezi yote hiyo alijiona yeye ndiye mtazamaji, na mama mkwe ndiye mhusika asiyejua kinachoendelea. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa jukwaani, na nyumba nzima ilikuwa imekaa ikimtazama.

"Kinaya!" akapiga ukelele. "Mama, hiki ndicho kinaya chenyewe!"

"Na lile la kuolewa kila Jumamosi?" akauliza pacha mmoja.

"Hiyo kejeli. Hiyo ilirushwa inichome, na imenichoma." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Lakini Mama, siku ya harusi ulisema kalamu niwaachie wengine."

Mama mkwe akaweka sinia chini.

"Siku ile viatu vilinibana tangu asubuhi. Nilisema mengi ya ovyo, na hilo mojawapo. Nisamehe, mwanangu. Jaribio ni saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Na bado umekaa?"

Alikwenda mbiombio, mwepesi kama aliyetuliwa gunia kichwani. Swali la kinaya lilikuwepo, na kalamu haikusita. Wiki iliyofuata karatasi ziliporudi, hakuwa wa kwanza wala wa pili, lakini alikuwa amepita. Mwalimu akamsimamisha kando.

"Mfano wako wa kinaya ni mzuri. Umeutoa wapi?"

"Yalinikuta, Mwalimu."

Jioni hiyo mama mkwe akadai tamthilia isomwe sebuleni, kwa sauti, na yeye apewe uchifu. Pacha wakagombea binti mkaidi, na fundi bomba akasukumiwa mtumishi. Akakohoa, akasoma kwa makini: "Anacheka kwa dharau."

"Hayo ni maelekezo ya jukwaani, Baba Pacha," mkewe akamwambia. "Hayasomwi, yanatendwa."

"Yaani nicheke?"

"Cheka."

Akacheka kama bomba lililoingia hewa. Mama Pacha akaegemea kochi, machozi yakimtiririka kwa kucheka, hata asiweze kuona mstari waliofikia.

"Haya, nyamazeni," chifu akaamuru. "Zamu yangu."