Kifuniko cha Mashua ya Mwenyekiti

Kalibu ya kifuniko Ngumbao aliitoa kwenye ubao wa dirisha la mapokezi la zahanati. Ubao ulitupwa siku walipoweka dirisha la kioo. Ulikuwa laini, na kipimo chake sawa na tundu la sitaha ya mashua. Mafundi wa Mtongwe huokota. Faiba haiulizi ubao umetoka wapi, bora uupake nta isinase.

Akatandaza mkeka wa nyuzi za faiba, akapiga rezini, gundi yake, kwa brashi tabaka tatu, akaiacha igande. Jumanne asubuhi alikibandua kifuniko, akakipiga msasa, akakifunga bawaba kwenye ile mashua ndogo ya tanga iliyopandishwa juu ya magogo. Kilikaa sawasawa.

Alipokifungua, ndani mlikuwa na benchi la zahanati. Wagonjwa wamekaa. Wa tatu kutoka ukutani alikuwa mkewe, Kache, aliyefariki mwaka juzi, kashika namba arobaini na moja.

"Baba Mwanatatu," alisema Kache. "Umekula?"

"Mkate."

"Mkate nao ni chakula?"

"Wamefika namba ngapi?"

"Kumi na tisa. Dirisha limefungwa tangu saa tatu. Eti wako mkutanoni."

Hata siku ile aliyokufa kwa presha waliambiwa hivyo hivyo. Ngumbao akamnyooshea mkono apande.

"Nikitoka nitapoteza namba," alisema Kache.

Akamteremshia chupa ya maji. Kache akanywa, akampa jirani yake.

Mwenye mashua, Kadenge, ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mkutano wa siku ile ulikuwa wake, na mikutano ya wakubwa haikosi chai. Jumanne hiyo alifika kutazama mashua yake saa saba, na viatu vyeupe.

"Mwenyekiti, hebu chungulia," alisema Ngumbao.

Kadenge akachungulia. Waliokuwa na nguvu wakasimama kumwamkia.

"Yule wa tatu ni mke wangu. Sema neno moja tu dirisha lifunguliwe. Presha yake haingoji."

"Fundi, kuna utaratibu. Wana namba?"

"Wanazo."

"Basi wataitwa." Akagonga kifuniko kwa vifundo vya vidole. "Kizito kidogo. Kinavuja?"

"Hakivuji."

"Hata sauti haipiti?"

Ngumbao alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi ile, na hajawahi kuisemea uongo.

"Hata sauti."

Kadenge akakishusha, akakaza komeo.

Jumamosi mwenyekiti alitweka tanga na wageni wake. Wawili walikalia kifuniko, wakakisifu kwa ulaini. Waliporudi, Ngumbao alikuwa ufuoni na bakuli la wali wa nazi, kaupika mwenyewe. Aliomba kufungua. Mwenyekiti akamruhusu, ila asikawie.

Kache alipokea bakuli, akaonja.

"Chumvi umeisahau."

"Wamefika namba ngapi?"

"Kumi na tisa," alisema Kache, akamsogezea jirani bakuli.