Koti Kwenye Msumari wa Okochi

"Mama Juliet, hiyo paipu ikija kupasuka, nani atakuchimbia?"

Jirani yangu Ajambo aliniuliza hivyo wiki tuliyomzika mume wangu Okochi. Nilikuwa nakumbuka vile Okochi alivyoileta kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya, ameizungusha mwilini juu ya baiskeli kama nyoka mkubwa, askari wa mpaka wakacheka wakampisha. Tulichimba mtaro sisi wawili, kutoka kwa mita ya maji barabarani mpaka mlangoni. Yeye akikata, mimi nikishika kigae cha makaa, maana paipu nyeusi lazima uipashe mdomo ilainike ndipo imeze mwenzake. "Polepole, Taaka," aliniambia kwa jina langu la kuzaliwa, "hii siyo muhogo." Akafunga kiungo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake mbovu. Maji yalipofika, alianza kwa kuniosha miguu mimi.

Mwaka huu, kabla ya mvua, ikapasuka. Uwanja ukalowa, bomba likanyamaza. Dada wa ofisi ya maji akaja, akafunga pale kwa mita, akanionyesha namna ya kufungua ikishatengenezwa. Akaniambia kwa upole kwamba kutoka mita kwenda barabarani ni kazi yao. Kutoka mita kuja ndani ni ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba. Nilitembea na neno hilo. Kwa mila ya ukoo wa Okochi, mjane akikataa kurithiwa, nyumba yake haiguswi. Bati litavuja, ukuta utaanguka, mpaka mwanaume wa ukoo atundike koti lake ndani. Mimi nimeokoka, nilikataa. Basi nikawa nachota kwa Ajambo, naye ananitania kwamba mitungi yangu imezidi ya harusi.

Kwa heshima nikatuma habari kwa shemeji yangu Wabwire, kule Tiira anakochimba dhahabu. Huyu kuchimba anajua, nikafikiri. Alikuja Jumamosi bila jembe, amebeba koti. Akaingia, akalitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wa Okochi.

Nikamwandalia chai. Akaeleza kwamba ndugu zake wamekaa kikao, kwamba hawawezi kutengeneza nyumba isiyo na mwanaume, kwamba nikikubali maji yatatoka leoleo. Nikikataa, nifungashe vitu nirudi kwetu nilikozaliwa.

"Shemeji," akamaliza, "nyumba lazima iwe na mwenyewe."

"Ndiyo," nikasema. "Kunywa chai."

Nikachota makaa jikoni kwa kigae, nikachukua jembe na kipande cha paipu ambacho Okochi alikibakiza juu ya kabati. Udongo ulikuwa umelainika wenyewe. Nilipofika kwenye kiungo, mpira wa tyubu ulikuwa bado umekaza, na fundo ni lilelile lake. Kilichopasuka ni paipu pembeni yake. Nikaufungua, nikakaa nao mkononi kidogo. Nikasali. Halafu nikakata pale pabovu, nikapasha midomo ya paipu, nikaunga kile kipande polepole, kama hapo zamani, ila wimbo niliuimba mwenyewe. Mpira nikaurudisha palepale.

Wabwire akaja kusimama mlangoni. Akasema naletea boma laana. Akasema watu watasema. Ajambo, kutoka upande wake wa ua, akamwambia watu wenyewe ni yeye, na ameshasema.

Nikamwomba Ajambo akafungue kwa mita. Bomba likakohoa, likatema matope, kisha yakaja maji safi. Nikasuuza glasi, nikaijaza, nikampelekea shemeji, aliyekuwa amerudi kuketi ndani, nimepiga goti kama tulivyolelewa.

"Karibu maji," nikamwambia. "Ni ya hapa kwangu."

Akayanywa yote. Akaweka glasi mezani, akalitoa koti kwenye msumari, akainamisha kichwa mlangoni, akatoka.